Kutoka kwa Mama

Mwanangu Mbarak,

Umetoka sasa hivi kwenda Mikindani kumuaga shangazi yako, nami najua hatakuachilia mpaka ule kwake. Basi nina mchana mzima. Sanduku nimelifunga. Mambo ya koti, dawa za tumbo na namba za watu umeshaambiwa na mtaa mzima, sina la kuongeza. Nataka kusema nawe juu ya kazi unayoiendea, kwa sababu siku uliyonieleza nilinyamaza, na hukuniuliza kwa nini.

Ulikaa hapo mlangoni mwa jiko, umejaa furaha. Ukasema huko ng'ambo kuna watu wanaochunguza nzi, wengine panya, wengine hamira, na kila kundi limekipa kitu kilekile jina lake, hata kompyuta za hawa hazielewi za wale. Ukasema mtakaa pamoja mkubaliane: kitu hiki kiitwe hivi, maana yake ni hii, ni aina ya kile, ni sehemu ya kile, kimetokana na kile. "Kama mti, mama," ukasema, "kila jina na tawi lake." Mimi nikaendelea kukuna nazi. Ulidhani sikuelewa.

Nilielewa, Mbarak. Kazi hiyo niliifanya kabla yako. Ndiyo iliyovunja nyumba hii.

Wewe unakumbuka tu kwamba Jumamosi nilikuwa nakwenda Magongo, nakuacha wewe na dadako Rukia kwa nyanya. Hukujua nakwendea nini. Wakati huo nilikuwa muuguzi hapa Kisauni, na ulikuwa umeletwa mradi wa kuchunguza maradhi ya watoto wa huku bara: Likoni, Kisauni na Changamwe. Mradi wenyewe ulikufa zamani. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Nassor, mtu wa kisiwani, mpole, nguo zake zimenyooshwa pasi hata soksi. Likoni aliwekwa Bi Mejumaa, mkunga wa Kidigo. Changamwe, kwenye zahanati ya Chaani, akawekwa Wafula, tabibu kijana kutoka bara ya mbali, aliyetuita wanawake wote "sista". Kila mmoja wetu aliandika watoto waliokuja na walichougua, na Daktari akajumlisha.

Haikujumlishika. Mejumaa aliandika vile akina mama wa kwao walivyosema. Wafula aliandika kama alivyofundishwa chuoni. Mimi niliandika Kiswahili cha kwetu, na niliamini kwamba hicho ndicho chenyewe, wengine wote wanakiigiza. Mtoto aliyevimba vidole na kulia mifupa, Mejumaa alimwandika "baridi ya mifupa". Wafula akimpata wa namna ileile anamwandika homa ya viungo. Mimi nilitazama macho na viganja kwanza, nikaandika upungufu wa damu. Kwa Daktari yakafika maradhi matatu madogo, yote hayana maana, naye akayafagia pamoja chini ya neno moja lililokuwa mwisho wa orodha: Mengineyo.

Dadako alikuwa humo, kwenye Mengineyo.

Sijui wewe wamkumbukaje Rukia. Nadhani wakumbuka akicheka, maana alipokuwa mzima alikuwa hakai. Mimi nakumbuka ile miezi ya baridi, akilala na mikono ameitandaza juu ya mto kama vitu visivyo vyake, macho ya manjano, akinitazama. Hakulia kwa sauti. Alisaga meno. Babako alikuwa hawezi kukaa chumbani. Alikuwa akitoka kwenda dukani kwake kupanga mbao zilizokwisha kupangwa. Majirani walisema jini. Nyanya yako mzaa baba alisema jicho la watu. Nami muuguzi, mwenye kofia nyeupe kichwani, sikuwa na jina la kumpa mtoto wangu.

Jina lilipatikana Magongo, kwenye chumba cha juu tulichokodishiwa, chini yake wauza magodoro, nje malori yanayokwenda Nairobi yakitutikisia vikombe. Daktari alitutaka tukae mpaka tuwe na orodha moja ya zahanati zote. Tuligombana, mwanangu! Tuligombana kwa neno "homa". Mejumaa alisema homa ni ugonjwa. Wafula akasema homa ni dalili tu. Mimi nikasema kwa Kiswahili safi homa ni homa, na anayetaka kujua aje kwetu ajifunze. Siku moja nilimcheka Wafula kwa namna alivyotamka neno, nikamcheka mbele ya wote, naye akakaa kimya mpaka tulipofunga. Mwenye kucheka lugha ya mwenzake kwenye meza kama ile huwa anamfunga mdomo, na pengine neno analotaka kusema ndilo lenye uhai wa mtu. Kijana yule alinisamehe. Alikuja na darubini aliyoiazima, akaweka tone la damu ya mtoto wa Chaani, akalitia dawa, tukangoja.

"Sista, kuja uone hii," akasema.

Chembe za damu zilikuwa zimejikunja kama mundu. Tukachukua damu ya mtoto wa Likoni, ikawa hivyohivyo. Nikachukua ya Rukia.

Siko seli. Wengi wa watoto wa yale maradhi matatu walikuwa na hili moja. Tukayatoa kwenye Mengineyo, tukaupa ugonjwa huo tawi lake: ni aina ya ugonjwa wa damu, dalili yake maumivu ya mifupa, matokeo yake upungufu wa damu. Kila neno mahali pake. Mejumaa alipiga kigelegele mle chumbani mpaka wauza magodoro wakapanda kuuliza nani kaolewa. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena, nami mtoto wangu yu mgonjwa vilevile. Utaijua furaha hiyo huko uendako. Ina ulevi ndani yake.

Sasa sikiliza lililofuata.

Kwenye orodha yetu kila ugonjwa ulikuwa na mstari ulioandikwa "Kutoka kwa". Malaria: kutoka kwa mbu. Kifua kikuu: kutoka kwa mgonjwa mwingine. Minyoo: kutoka kwa udongo. Tulipofika kwenye siko seli, Wafula akajaza "mama". Yeye alikusudia kwamba damu ya mzazi tuliyoipima ilitoka kwa mama. Ilikuwa kweli, kwa sababu wanaoleta watoto zahanati ni akina mama, na hao ndio tuliowapima. Baba hatukumpima hata mmoja. Daktari akapitisha, alijua maana. Mejumaa akapitisha, hakuuliza. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti mezani, na masikio yangu yaliyojivunia Kiswahili hayakusikia kitu. Neno moja, maana mbili. Kila mtu akasikia yake, tukatikisa vichwa, tukanywa chai.

Orodha ikatengenezwa kadi za kliniki. Mama akija na mtoto mwenye ugonjwa huo, anapewa kadi: Siko seli. Ugonjwa wa damu. Kutoka kwa mama.

Kulikuwa na mwanamke wa Mtongwe, Riziki. Mumewe alikuwa anajua kusoma. Aliisoma kadi mbele ya mamake na dada zake, akamwambia mkewe, "Kumbe ni wewe." Hakumpiga. Alimtolea vitu vyake nje, na mtoto juu ya vile vitu. Riziki hakuwa na kwao karibu, akaenda kukaa kwenye baraza ya zahanati ya Likoni, mvua inanyesha, mtoto ana maumivu. Mejumaa alipokuja kufungua asubuhi, mtoto amekufa mapajani mwa mamake, na mama amemfunika kwa ile kadi usoni, kwa sababu hakuwa na kingine kikavu.

Jumamosi Mejumaa alikuja Magongo, hakuamkia mtu. Akaitupa kadi mezani. Karatasi ilikuwa imejikunja kwa maji.

"Someni," akasema. "Nyote mwajua kusoma."

Wafula aliisoma. "Lakini mimi sikumaanisha hivo. Mimi nilimaanisha damu. Damu tulichukua kwa mama."

"Mwenye mke hakujua umemaanisha nini," Mejumaa akamjibu.

Daktari Nassor aliishika kadi kwa pembe. Alisikitika, sitamsingizia. Lakini unajua alisema nini? "Ugonjwa huu hutoka kwa wazazi wote wawili. Kila aliyesoma anajua hivyo."

Nikamwambia, "Riziki hakusoma, daktari."

Akasema tukibadilisha kadi sasa hivi, waume watasema tumewasingizia kuwatetea wanawake. Leteni akina baba, wapimwe hapa hapa, watu waone kwa macho, ndipo neno libadilike na lishike. Alikuwa na haki. Jambo baya kabisa katika habari hii ni kwamba kila mtu alikuwa na haki kidogo.

Baba hakuja hata mmoja. Tuliwaita Likoni, tukawaita Chaani. Mmoja alimwambia Wafula, "Mimi nipimwe kwani nimenyonyesha?"

Nikabakiwa na wangu.

Babako hakuwa mtu mbaya, na wewe usijifanye kwamba alikuwa. Alikupandisha mabegani mwake. Alimpenda Rukia kwa namna ya mtu mwoga. Nilimwomba nyumbani mara nyingi. "Swaleh, tone moja tu la kidoleni." Akasema kwao hakuna ugonjwa, tangu babu wa babu. Nikamwomba kwa Rukia. Akasema, "Ukishaandika jina langu kwenye makaratasi yenu, atakayeniletea posa ya binti ni nani? Ukoo wangu utasemwaje?" Aliogopa neno, mwanangu, kuliko nilivyoliogopa mimi, kwa hivyo aliujua uzito wake kabla yangu.

Nikafanya hivi. Nilikwenda dukani kwake saa ambayo wateja wamejaa, na wazee wawili wa msikitini wameketi kwenye benchi wananywa kahawa. Nikasalimu vizuri. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Baba Rukia, zahanati wanakungoja kwa ile damu ya mwanao. Watasema waogopa sindano." Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Nenda, Swaleh, mtoto ni wako." Akaondoka nami.

Nilijua ninachokifanya. Nilimchagulia mahali ambapo hawezi kukataa.

Wafula alimpima mwenyewe. Mejumaa alikuwapo, na Daktari, na watu wawili watatu waliotufuata kutoka dukani. Tukangoja. Wafula akainama kwenye darubini, akainuka, akanitazama mimi badala ya kumtazama mwenye damu. Nikaangalia. Mundu, mwanangu. Chembe zimejipinda, maana ile dawa huzipinda hata za asiyeugua, aliyebeba tu.

Na mimi nikacheka. Nilipiga makofi, nikasema, "Alhamdulillahi, tumepata!"

Babako alikuwa ameketi, kidole amekibana na pamba. Akaniuliza pole pole, "Wafurahi?"

Nilikuwa nafurahi. Riziki alikuwa machoni mwangu, na mtoto wake, na kadi zote tutakazozibadilisha. Yeye hakuwa machoni mwangu. Alikuwa ushahidi.

Kesho yake asubuhi alinipa talaka, uani, mimi nikianika nguo. Alisema maneno akayarudia, akaongeza, "Umeniandika, nami nakufuta." Kisha akaingia kwa Rukia, akamshika mguu, akatoka. Hakurudi kulala hapa tena.

Kadi zikabadilika. Daktari alitimiza ahadi: "Hurithiwa kwa wazazi wote wawili, baba na mama." Maneno hayo niliyaandika mimi, na safari hii nilimlazimisha kila mmoja mezani aniambie kwa maneno yake ameelewa nini. Wafula aliniambia mara tatu, masikini, macho chini. Kadi mpya zikapelekwa zahanati zote. Mejumaa akaichukua moja, akavuka nayo mpaka Mtongwe kwa mume wa Riziki. Yule mwanamume aliisoma yote, akamrudishia, akasema ameshaoa.

Hapo ndipo nilipokosea kuliko pote. Nilidhani tukilinyoosha neno, waliopindika nalo watanyooka. Neno la uongo lilishuka kwenye nyumba za watu kwa wiki moja. La kweli lilifika likiwa limechelewa, likakuta mlango umefungwa na watu wamelala na la kwanza.

Rukia alikufa baridi iliyofuata. Wewe ulikuwapo, sitakusimulia. Nitakuambia usilolijua. Babako alikuja, alishika jeneza mbele, alilia mpaka wakamshika. Kisha kwenye mkeka wa matanga watu walipomuuliza mtoto alikuwa na nini, akasema, "Ugonjwa wa kwa mamake." Mimi nilikuwa ndani na wanawake, dirisha li wazi. Nilimsikia. Na wale waliofuatana naye siku ile ya damu walikuwa wameketi kando yake, na hawakusema kitu.

Mradi ukaisha. Wakaja watu wengine na orodha yao kutoka ng'ambo, nzuri kuliko yetu, yetu ikawa karatasi za kufungia. Sikulalamika. Mimi nikaendelea kupima watoto hapa Kisauni. Nilikupima na wewe, na tangu ulipobaleghe nimekuambia: huugui, lakini umebeba. Umenisikia ukitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa avae viatu. Yule msichana wa Chaani unayemwandikia barua, mwambie kwa mdomo wako, kabla ya posa, kabla hajakupenda zaidi. Akiondoka, aondoke. Nitakuambia sasa hivi kwa nini sitanii.

Wiki iliyopita, zahanati, aliingia mwanamke kijana, amejifunika vizuri, na mtoto wa kike amevimba mikono. Nikaandika jina la mama: Khadija. Nikauliza jina la baba. Akanitajia babako.

Ndiye mke aliyemuoa baadaye, yule tuliyekuwa tukisikia habari zake tu. Hakunijua. Nilimpima mtoto, nikampima na yeye, nikaona nililokwisha kuliona. Nikampa kadi, moja ya zile zetu za zamani nilizoziweka. Akaisoma, akaniuliza, "Sasa bibi, nimwambie nini baba yake?"

Nilifurahi, Mbarak. Wewe ni mwanangu na unakwenda mbali, kwa hivyo nakwambia. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kama nilivyofurahi siku ile ya darubini. Nikamwambia, "Mwambie alishapimwa. Anajua. Alijua kabla hajakuposa."

Yule mtoto akaanza kusaga meno.

Furaha yangu ikaishia hapo. Nikamshika ile mikono. Ni mikono ileile.

Juzi, wewe hukuwapo, Khadija alibisha hodi hapa, jua kali, mtoto mgongoni na mfuko mmoja. Alikuwa ameuliza watu, amejua mimi ni nani. Alisimama mlangoni hathubutu kuingia. Akanieleza. Alimwonyesha mumewe kadi, akamsomea: wazazi wote wawili, baba na mama. Babako akaisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kadi hiyo kaiandika mke niliyemwacha." Akamtolea vitu nje.

Huko uendako mtakuwa na meza ndefu, na watu wapole wenye elimu, na mtagombania maneno ya nzi na panya. Nzi hatamwacha mkewe kwa neno lenu. Lakini maneno hushuka. Hutoka kwenye kompyuta yakaingia kitabuni, yakatoka kitabuni yakawa kadi, na siku moja kadi itakuwa mkononi mwa mtu anayetafuta wa kumlaumu. Wenzako wakikubaliana upesi, usifurahi nao. Mwulize kila mmoja amekubali nini. Na utazame ni nani ambaye hayupo chumbani, kama vile kwetu hawakuwapo akina baba, maana jambo lote litaandikwa kama kwamba hayupo duniani. Hata ukifanya hayo yote sawasawa, yupo atakayesema kaiandika fulani. Fanya hivyohivyo. Sina dawa ya hilo.

Babako atakuja kesho uwanja wa ndege. Ameniletea habari kwa mtu. Mbusu mkono, ni baba yako, na umri umemwendea. Usimwambie nimekuandikia. Hatakuuliza habari za Khadija, nawe usimpe.

Sikutaka kukwambia mpaka umeshaondoka, lakini utarudi kutoka Mikindani utayaona mwenyewe: nimekisogeza kitanda chako nikakigeuza upande wa dirisha, mtoto apate hewa. Vitabu vyako viko sebuleni ndani ya maboksi. Leo utalala huko huko, kwenye mkeka, na ukirudi kwa likizo utalala huko huko. Usinune. Khadija, niliyemlaza kwa jirani tangu juzi, yuko jikoni, anakupikia cha safari na hajui utampokea vipi. Ukiingia jikoni mwamkie wewe kwanza, hata kama umri wenu ni mmoja. Kisha umchukue mtoto, mkono wa kushoto ndio unaomuuma zaidi.

Mamako,
Zuhura